Kinanda Kinamsema Nani

Somoe mwanangu,

Salamu nitazifupisha, maana wewe uko Dimani kumuaga bibi yako na jioni utarudi tule pamoja. Ni kichekesho kumwandikia barua mtu ambaye nitamwona kabla jua halijazama. Lakini sisi wawili tukikaa mkekani, mimi huzungumza habari za jenereta na bei ya mafuta, na wewe huangalia simu. Kwa hiyo nimefunga stoo kwa ndani, nimekaa juu ya lile spika lililopasuka, na ninaandika. Mtu akija kutaka viti vya harusi atagonga mpaka achoke mwenyewe.

Habari za basi, za chakula, za watu wa kuwaogopa mjini, shangazi yako amekwisha kuzimaliza. Alizozisahau atakupigia simu kukwambia ukiwa hujafika hata Mkuranga. Mimi nataka kusema juu ya wimbo wa tatu.

Juzi tukiwa tunakula ulisema, "Baba, yule wa studio kasema niende. Ila wimbo wa tatu tuukate, na pale katikati tutie mwimbaji. Watu wanataka maneno." Kisha ukasema, "Nimemkubalia." Ukaniangalia kuona nitajibu nini, nami nikajibu kwamba chumvi imezidi. Shangazi yako akanuna hadi kesho yake, maana mchuzi alikuwa kaupika yeye. Wewe hukununa. Ulicheka kile kicheko chako cha puani ukaendelea kula, na mimi nikajua nimepoteza nafasi nyingine tena. Nina uzoefu mkubwa wa kupoteza nafasi za namna hiyo.

Tangu uirushe albamu yako huko mtandaoni, nyumba hii imejaa maoni. Ulikuwa ukitusomea baada ya kula, unatafsiri huku unacheka. Yule wa nchi ya baridi aliyesema alikuwa anaendesha gari akasimama kando ya barabara mpaka wimbo wa kwanza uishe. Yule aliyelalamika kwamba vinanda vimetanda kila mahali, gitaa halipati hata pa kuvuta pumzi. Yule aliyesema wimbo wa pili una mawazo matano na ulihitaji mawili. Na yule bwana aliyeandika kwamba kazi ni nzuri, lakini Afrika iko wapi humo ndani? Hapo ndipo ulipoacha kucheka. Nami niliona, usidhani sikuona. Huyo bwana nilimtukana kimoyomoyo wiki nzima. Afrika ilikuwa imekaa hapa Kibiti kwenye stoo ya spika, inapiga kinanda chenye vibonyezo viwili vibovu, na umeme unakatika kila ikifika sehemu nzuri.

Wa kwetu nao wakatoa yao. Vijana wa bodaboda pale stendi, waliozoea singeli, walikusikiliza dakika chache, mmoja akakuuliza, "Dada, hii nyimbo inaanza saa ngapi?" Jirani yetu wa msikitini akasema angalau haina matusi. Shangazi yako, ulipomkazia macho, akasema, "Nimeisikia. Inalia vizuri." Na mimi nilisema, "Nitasikiliza." Hilo ndilo neno pekee ulilolipata kutoka kwa baba yako, mtu aliyekufundisha kuweka vidole juu ya kinanda kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Nitasikiliza. Kama karani wa ofisi anayekwambia uje kesho.

Basi sikiliza wewe sasa.

Hadithi ya mama yako na wimbo wangu umeisikia sokoni, najua. Watu wa sokoni huihadithia kwa kicheko, na kila mmoja huongeza kiungo chake. Mimi sijawahi kukuhadithia. Ulipokuwa mdogo nilisema hujafika umri. Ulipofika umri nikasema umekwisha kuisikia, ya nini kurudia.

Ile kaseti isiyo na jina, uliyoichimbua kabatini ukaifanya wewe ndiyo shule yako, niliipata darajani. Nilikuwa kibarua wakati daraja la Rufiji linajengwa. Fundi mitambo mmoja wa kizungu alikuwa akiisikiliza kila jioni, na siku alipoondoka akanirushia kama mtu anayetupa ganda la muwa. Upande wa kwanza wote ni wimbo mmoja. Kinanda kinatangulia, ngoma na gitaa zinafuata nyuma, kinapanda, kinashuka, kinabadilika, mtu anaimba kidogo halafu anaondoka kana kwamba ameitwa nje. Vibarua wenzangu walinitukana. Mmoja alisema huu ni muziki wa kusubiri muziki. Mwingine aliapa kwamba redio yangu imeharibika, akaipiga kofi ili ipone.

Mama yako alikuwa anakuja kambini pale na mama yake mdogo, wanauza samaki wa kukaanga na mihogo. Watu wa Mbwera, wa kule ndani ya delta, baba yake mkata mikoko. Siku moja alikaa karibu na redio yangu akisubiri watu wamalize kula arudishiwe sahani. Alisikiliza upande mzima, Somoe. Upande mzima, na sahani zilikwisha kurudi zamani. Mkanda ulipofika mwisho, redio ikafyatuka, akasema, "Geuza."

Basi. Sikupata tena maoni mazuri kuliko hayo maishani mwangu, na hayakuwa hata ya kazi yangu. Nilimwoa Hadija kwa sababu ya neno hilo moja, na hakuna aliyewahi kunielewa nikimweleza.

Baadaye nikaingia kwenye kundi la taarabu hapa Kibiti, nikawa mpiga kinanda. Wewe umekulia kwenye vyombo vya harusi, lakini zile zama za mipasho hukuziona sawasawa. Wimbo haukuwa wimbo mpaka ujulikane unamsema nani. Mwanamke anainuka na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji, lakini njia anayopita si ya kwenda kwa mwimbaji. Anapita mbele ya mbaya wake, anacheza hapo, anamwonyesha kidole kwa kanga, kisha ndiyo anakwenda kutunza. Wimbo mmoja ungeweza kuwasema wanawake sita usiku mmoja, inategemea nani kainuka. Sisi tulikaa jukwaani tukiangalia. Hatukumtukana mtu. Tulikuwa tunapiga tu. Ndivyo tulivyokuwa tukijiambia.

Tulipokwenda Dar kurekodi, kiongozi wa kundi akaniachia nafasi moja ya kujaza, maana mwimbaji mmoja alikuwa mgonjwa. Nikaweka wimbo wangu. Wa kinanda mtupu, mrefu, hauna neno hata moja. Niliutunga kwa safari ya kwenda kwao mama yako: unatoka Nyamisati maji yakiwa yamejaa, unaingia mto mpana, halafu unaingia mkono mwembamba wenye mikoko huku na huku, halafu mwembamba zaidi, mpaka unadhani umepotea, na ghafla panafunguka na unaona moshi wa nyumba zao. Kabla ya kufunguka pale niliweka mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza, inabaki sauti moja ya juu ya kinanda, peke yake, inangoja.

Mama yako nilimpigia nyumbani kabla ya mtu yeyote kuusikia. Alikuwa anapepeta mchele. Akasimamisha ungo. Nilipomaliza akasema, "Hapo kuna maji." Akaendelea kupepeta. Sikumwambia ni maji ya wapi. Niliona haya. Mwanamume mzima, kumwambia mkewe kwamba nimekutungia njia ya kwenda kwenu? Nilijiona mjanja, nikasema atajua mwenyewe. Nataka ukumbuke hapo, mwanangu, kwamba kosa langu la kwanza lilikuwa haya, tena haya ya kijinga, siyo ubaya. Ubaya ulikuja kwa mguu wake baadaye ukakuta mlango uko wazi.

Kwenye harusi wimbo ule ulipigwa wakati watu wanakula. Hakuna aliyeinuka. Wimbo usio na maneno utautunza vipi? Utapita mbele ya nani? Wanawake walikuwa wakiniuliza, "Yakhe, hiki kinanda kinamsema nani?" Nikasema hakimsemi mtu. Wakacheka. Walinihesabu kuwa mficha siri. Unajua methali yao: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naichukia methali ile kuliko zote. Ndiyo inayowapa watu ruhusa ya kusema kitu leo na kukingoja kesho kifike.

Sasa, mimi na mama yako tulikuwa tumekaa miaka bila mtoto. Tulikwenda hospitali, tulikwenda kwa mashehe, mama yangu mzazi alisema aliyoyasema. Na sokoni alikuwepo muuza kanga mmoja, Bi. Zamda, ambaye alitamani sana nimwoe mdogo wake. Siku moja tukiwa kwenye harusi Ikwiriri, wimbo umefika pale kwenye ukimya, ile sauti moja ya juu inalia peke yake, Bi. Zamda akainuka na noti yake. Akapita mbele ya mama yako, akasimama, akaweka mkono tumboni kwake mwenyewe akalipapasa, akapiga kelele neno moja: "Tasa!"

Vigelegele vikapasua turubai.

Walisema ile sauti ya juu ni mtoto anayelia mahali asikopatikana. Wakasema kwa hakika kabisa, kama watu waliokuwepo nikitunga. Harusi iliyofuata walikuwa kumi wanaongojea pale pa ukimya. Iliyofuata, ukumbi mzima. Watu ni hivyo, wakiona kiti kitupu lazima mtu akikalie. Wimbo uliokuwa unapigiwa pilau ukawa ndio unaoitiwa kundi. Tuliitwa Utete, tuliitwa Bungu, tuliitwa mpaka Ngarambe kule kwenye tembo, na kila mahali watu wanataka ule ule, na wameupa jina. "Piga Tasa!"

Na mimi nikapiga, Somoe. Nimekuwa nikijitetea miaka yote kwamba sikuandika neno lile, na ni kweli sikuliandika. Lakini nilifanya jambo ambalo sokoni hawalijui, kwa hiyo nakwambia mimi. Niliirefusha ile nafasi. Pale pa ukimya pamoja na ile sauti moja, nilipaongeza urefu, ili wapate pa kupigia kelele. Nilikuwa nawaangalia kama mchuuzi anavyowaangalia wateja wake, naona bado wana pumzi, nashikilia kibonyezo. Kiongozi wa kundi alinipongeza, akasema sasa nimeanza kuwaelewa wasikilizaji. Nikafurahi. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo nikiwa nimekaa hapa juu ya spika bovu. Nilifurahi.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Nilikuwa nakunja nyaya barazani, akaja akasimama mlangoni, akasema, "Baba fulani," maana hatukuwa na jina la mtoto la kuniita, na yeye alikuwa ameshaanza kulifanyia mzaha jambo hilo ili lisimuume. "Baba fulani, ule wimbo ni mimi?"

Fikiria swali lile. Jibu lilikuwepo, tamu, liko mdomoni. Ni wewe, Hadija, ni njia ya kwenu, ni maji uliyoyasikia mwenyewe ukipepeta mchele. Lakini kumjibu hivyo ilinibidi pia niseme: na wale wanawake wameuchukua, na mimi nimewaachia, na nimewaongezea nafasi. Nikakunja waya. Nikasema, "Ni muziki tu, Hadija."

Akasema, "Haya."

Halafu ukazaliwa wewe. Nilidhani ukizaliwa wimbo utakufa, maana tasa gani ana mtoto mgongoni. Mtu asiyejua wasikilizaji ndiye hufikiri hivyo. Walisema kinanda changu kimemzalisha. Walisema ni dawa, wakaja wenye shida zao wakitaka nipige nyumbani kwao. Na jina halikubadilika. Ulikuwa umeanza kutembea tulipopiga harusi moja hapa hapa Kibiti, na mama yako alikuja nawe, ukiwa umelala mgongoni. Alisimama nyuma karibu na masufuria. Nilimwona, na yeye aliniona kwamba nimemwona. Mtu akaita, "Piga Tasa!" Wenzangu wakanigeukia kungoja nianze, maana mwanzo ni wangu. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kinanda. Ningeweza kuvitoa. Hakuna aliyekuwa amenishika mkono.

Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye siku zote alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akafunga mizigo akaenda kwao nawe, na hakunitukana, na hilo ndilo lililonipa kiburi. Nikasema kama ana neno angelisema. Nikawatuma wazee Mbwera kwenda kukuchukua wewe, maana mtoto ni wetu, hawezi kulelewa ugenini. Wazee watatu, na kanzu zao, na maneno yao ya busara. Wakarudi na wewe. Kumleta mke wangu sikumtuma mtu, na mwenyewe sikwenda, na baada ya muda nikampelekea talaka yake. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, na wewe umelila tangu hujaota meno yote.

Kundi lilikufa, kama makundi yanavyokufa. Wasikilizaji wakahamia kwingine. Mwaka mmoja wanalia nyuma ya gari letu, mwaka wa pili wananiuliza kama bado napiga. Bi. Zamda nilimkodishia viti mwezi uliopita kwa harusi ya mjukuu wake. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali yako, akakuombea dua ya safari. Ule wimbo hata haukumbuki. Nilimtajia, akasema, "Upi huo, mwanangu? Nyimbo zilikuwa nyingi." Nikamwongezea viti viwili. Sijui kwa nini.

Mama yako amekwisha kuolewa kule, ana watoto wake, na wewe unakwenda kumtembelea na kurudi na samaki wakavu, unanipa salamu zake ambazo nadhani unazitunga mwenyewe. Sawa. Endelea kuzitunga.

Sasa wimbo wa tatu. Umeutunga baada ya kutoka kwake mwaka huu, hilo nalijua, maana ulirudi hukusema na mtu ukajifungia humu stoo mpaka shangazi yako akadhani una homa. Nilikwambia nitasikiliza. Nilisikiliza. Nilichukua ile simu ya pili ya biashara nikaenda nayo Nyamisati, nilipokwenda kupeleka vyombo vya maulidi, na baada ya kuteremsha mizigo nikatafuta mahali nyuma ya ghala la barafu, nikajifunika masikio na hivyo vipokea sauti vyako. Nikapita wimbo wa kwanza. Mzuri, mrefu kidogo. Wa pili nakubaliana na yule aliyesema una mawazo matano. Nikafika wa tatu.

Unaanza taratibu, na kinanda kizito, kile cha sauti ya kanisani. Kisha gitaa linaingia kwa hasira, na ngoma zinagombana nalo, na kinanda cha pili kinakuja juu yao wote, kinawazungusha, kinawapeleka. Kisha ukawanyamazisha. Wote. Ukaacha sauti moja tu, ya chini kabisa, ya chini mpaka nikaihisi kwenye meno, ukaishikilia. Mimi yangu ilikuwa ya juu. Yako ya chini. Ukaishikilia, ukaishikilia, na haikuja kelele ya mtu yeyote, wala haikuleta njia, haikufunguka, hapakuwa na moshi wa nyumba ya mtu. Ikakatika.

Unajua nilifanya nini, mimi, mtu niliyewachukia wasikilizaji miaka yote hiyo? Nilijiuliza: hiki kinanda kinamsema nani?

Na nikajijibu palepale, bila kungoja Bi. Zamda. Kinanisema mimi. Nilivua vile vitu masikioni kama mtu aliyeng'atwa na nyigu. Kijana wa kupima samaki akaniuliza kama nimepokea habari mbaya. Nilikasirika nawe, Somoe, nakwambia kweli. Niliona umekwenda kwa mama yako ukapewa upande wake, ukaja kunisuta kwenye stoo yangu, kwa kinanda changu, kwa umeme wangu. Nilirudi Kibiti nimenuna. Ulipouliza kama nimesikiliza nikasema mtandao ulikuwa mbovu.

Mtandao haukuwa mbovu.

Kwa hiyo ulipokuja na ile habari ya studio, kwamba wataukata, kwamba pale pa ile sauti ya chini wataweka mwimbaji na maneno, unajua moyo wangu ulisema nini kwanza? Ulisema, afadhali. Watie maneno. Watie maneno yoyote ya mapenzi, nikukumbuke usiku kucha, sijui usiniache mpenzi, ili pale mahali pajae na mimi nisisikie tena nilichokisikia nyuma ya ghala la barafu. Ndiyo maana nikasema chumvi imezidi. Sikuwa na ujinga wa kutojua la kusema. Nilijua, na nilitaka ufanye kosa kwa faida yangu.

Mtu wa studio si mbaya. Huenda ni mtu mwema kuliko kiongozi wetu. Atakwambia anawaelewa wasikilizaji, na ni kweli anawaelewa, na watakuja, na watacheza, na pale pa ukimya patakuwa na neno ambalo hukulisema wewe, na kila atakayekuja ataujua wimbo kwa neno hilo. Utasimama jukwaani wataliita, na wenzako watakugeukia kungoja uanze. Siku hiyo mimi sitakuwepo kukwambia utoe vidole, na hata ningekuwepo sina haki. Utaamua mwenyewe. Una kichwa kizuri, umekipata Mbwera.

Lakini kwa kuwa uliniomba maoni yangu kama msikilizaji, na wote wamekwisha kutoa yao, mpaka wa kwenye theluji, haya ni yangu. Wimbo wa kwanza ni mzuri. Wa pili punguza. Wa tatu sikuupenda. Umeniuma, na sitausikiliza tena nikiwa peke yangu. Usiukate, na pale pa ukimya usimruhusu mtu kukaa.

Nasikia pikipiki nje, labda ni wewe. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa kinanda, mfuko ule wa nyaya, utaiona utakapokuwa unafunga vyombo huko kwenu mjini. Kinanda nenda nacho. Mimi nina kile cha zamani, nacho siku hizi hakimsemi mtu.

Ukishafika, ukishatulia, nipigie. Nitakuuliza habari za safari, habari za joto, habari za jenereta za huko, maana ndivyo nilivyo. Kisha nitakuuliza ule wimbo unamsema nani. Nijibu utakavyo. Kama ni mimi, sema ni mimi, nitavumilia. Kama ni mama yako, sema. Kama ni mto, sema ni mto, na mwambie na mama yako.

Ila usinijibu kwamba ni muziki tu.

Baba yako